Pengo la Jumamosi

Jumatano, 1 Machi 1967

Nimepima omena, dagaa wa ziwa letu, saa sita na saa kumi, kama kila siku. Ratili mbili juu ya mchanga, ratili mbili juu ya kichanja chetu cha mafunjo. Wa kichanjani wametangulia kukauka, tena. Wa mchangani wamejaa nzi na changarawe. Mikono inanuka hata baada ya sabuni, na wasichana wa bweni wananiambia nikale meza nyingine. Wahame wao.

Siku tisa zimebaki kabla ya mashindano ya miradi ya sayansi kule Homa Bay. Miradi miwili ya kwanza itakwenda Kisumu. Nataka kwenda Kisumu. Nataka mpaka naona aibu kuandika.

Ijumaa, 3 Machi

Jua linashuka, naandika haraka. Nimemkabidhi Rosalia, mwenzangu wa mradi, daftari la vipimo. Mimi Msabato, yeye Mkatoliki. Jumamosi anapima yeye, Jumapili napima mimi akiwa misani. Mwalimu Odhiambo wa fizikia anasema hajapata kuona mradi usio na siku ya kupumzika.

Mama huanika omena Kisegi na kuwauza mpaka Ogwedhi, kwa watu wa ng'ombe. Safari ni ndefu. Wakifika wananuka, hawanunuliwi, na yeye hurudi bila senti. Kwa hiyo kichanja hiki kwangu si mchezo wa shule.

Jumapili, 5 Machi

Kuna jambo.

Jana kanisani mvua ilipiga bati tangu saa nne mpaka mahubiri hayakusikika. Leo nafungua daftari. Rosalia ameandika kwamba omena wa kichanjani walipungua uzito nusu nzima. Kama siku ya jua kali. Nimekwenda kutazama. Mchanga umetobolewa na matone, mafunjo bado yamelowa. Nyuma ya jiko nimekuta omena wa jana wametupwa, wameoza.

Amebuni. Namba nzuri, imekaa kwenye grafu kama imezaliwa pale. Hasira zimenipanda hata ugali umenishinda. Nimepima wa leo nikaandika ya leo basi.

Jumatatu, 6 Machi

Nimemkabili Rosalia nyuma ya maabara. Hakukana. Mvua ilipoanza alikimbilia bwenini, akawasahau omena nje. Kuwatazama, wamekuwa uji. Akaona mstari wetu utaharibika, akaandika namba.

Nimemwambia njia ya mwongo ni fupi. Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Nikaongeza kwamba nyinyi mna padri wa kuungamia, ndiyo maana hamwogopi kudanganya. Hakulia. Amesema, "Nilikuogopa wewe, Penina." Akaondoka.

Ulimi wangu. Mama alinionya juu ya ulimi huu tangu nikiwa mdogo.

Jumanne, 7 Machi

Tumekwenda wote wawili kwa Mwalimu. Amesikiliza, amekuna kidevu. Kasema wengi huweka wastani wa siku ya kabla na ya baada, hakuna atakayejua, lakini mradi ni wetu. Mimi na Rosalia tukatazamana, mara ya kwanza tangu jana. Tukasema hapana karibu pamoja.

Tumeifuta nukta ile. Sasa mstari unafika Ijumaa, unakatika, unaanza tena Jumapili. Pengo linaonekana kutoka mlangoni. Nimemwomba Rosalia msamaha kwa neno la padri. Ameitikia, lakini jioni amekula na wengine.

Alhamisi, 9 Machi

Balaa. Barua imekuja, majaji wamechelewa, hukumu si kesho tena. Ni Jumamosi.

Mwalimu ameniuliza taratibu kama ningeweza, kwa mara moja tu. Siwezi. Hakuna aliyenilazimisha, nimesema mwenyewe, kisha nimekwenda msalani nikalia. Miezi miwili ya kunuka samaki, na siku yenyewe sitakuwepo.

Rosalia atasimama peke yake na lile pengo. Wakimwuliza? Atasema mizani iliharibika. Ni rahisi, nani atakataa? Hapa hakuna anayesoma ila mimi, basi niseme ukweli. Simwamini.

Ijumaa, 10 Machi

Homa Bay. Tumepanga meza ukumbini, tumebandika grafu. Jirani zetu wana kengele ya umeme inayolia kila mara, watu wote wako kwao. Nilitaka kumwambia Rosalia aseme nini kuhusu Jumamosi ile. Nilifungua kinywa nikakifunga. Ninakwenda kulala kwa dada mmoja wa kanisa letu. Jua linazama.

Jumamosi, 11 Machi. Jua limekwisha zama.

Nimeshinda kanisani na sikumbuki hata fungu moja. Asubuhi niliomba tushinde. Mchana niliomba asidanganye. Nilijua ni maombi mawili tofauti.

Mwalimu amenisimulia. Jaji mmoja, bwana wa idara ya samaki, aliweka kidole juu ya pengo. Rosalia akajibu: "Siku hiyo mvua ilinyesha. Niliwaacha omena wakaoza, kisha nikaandika namba ya uongo. Mwenzangu akaigundua, tukaifuta. Pengo hilo linaonyesha kichanja chetu kinakosa paa." Jaji akauliza mwenzake yuko wapi. "Kanisani, bwana. Leo ni siku yake."

Mwalimu anasema yule bwana aliandika kwa muda mrefu. Kengele ya umeme imekuwa ya kwanza. Sisi wa pili.

Nimemtafuta Rosalia nikamkuta anafunga mizani kwa gazeti. Nikashika upande wa pili tukafunga pamoja.

Jumatatu, 13 Machi

Tumekata nyasi za paa tangu mchana. Rosalia anakata fupi mno. Nimemwambia, akasema nami nafunga legelege, na kweli nilikuwa nafunga legelege. Tumecheka kidogo. Jioni amekuja kula mezani kwangu, harufu na yote.

Mwalimu amepita na habari. Kisumu nako majaji watapita Jumamosi. Amesema anaweza kuandika barua kuomba tusikilizwe siku nyingine, huenda wakakubali. Nimemwambia asijisumbue, Rosalia ataongea.