Karatasi Aliyosaini Yaya Pacifique

Troyeville, Joburg, 9 Februari 2025

Yaya Pacifique,

Habari za Musina, kaka yangu? Joto halijakumaliza? Huku kwa shangazi tuko wazima, ila Tantine Mamie analalamikia goti. Barua hii nampa dereva Seif akuletee, maana kwenye simu maneno hunikwama, unanijua.

Tangu kampuni ya ulinzi ikufukuze kwa sababu ya ile rekodi ya polisi, nimekuwa nikisoma mambo ya sheria maktaba. Jaji anaweza kuifuta, akiombwa. Nikaenda Braamfontein, kwenye ofisi ambako wanafunzi wa sheria husaidia watu bure. Nililizunguka jengo kwanza, naogopa kuingia. Dada mmoja Mkenya, Monicah, alisoma ombi nililoandika akacheka mpaka akavua miwani: "Wewe! Jaji haulizwi kama mke na watoto wameamka salama!" Nimeitoa sehemu hiyo. Sasa anauliza kwa nini ulikubali kosa kama hukuiba.

Ukisafishwa utarudi kazini, tupange chumba chetu tena. Kwa Tantine nalala sebuleni. Wakizima televisheni ndipo napata kitanda.

Mdogo wako,
Falonne

Musina, 2 Machi 2025

Mdogo wangu Falonne,

Aksanti kwa barua. Mimi nipo, mgongo tu unanisumbua, magunia ya kupakia kwenye malori ni mazito. Mwambie Tantine akande goti kwa maji moto.

Sikukubali kosa lolote. Nilikuwa nauza vifuniko vya simu kando ya barabara, Fordsburg. Polisi wakatubeba, wakasema mzigo ni wa wizi. Ilikuwa Ijumaa jioni. Askari akaniambia: "Saini hapa, lipa faini, nenda nyumbani. Ukitaka kubishana, jaji yupo Jumatatu." Nikasaini bila kusoma. Nilidhani ni risiti. Eish, wote tuliokuwa pale tulidhani ni risiti.

Ulikuwa mwaka ule wa mwisho wa Mama. Yeye alikuwa amelazwa, nawe ulikuwa na miaka tisa, peke yako chumbani. Hilo usimwandikie jaji. Sitaki ukae ukifikiri ni kwa ajili yako.

Yaya wako,
Pacifique

Troyeville, 16 Machi 2025

Yaya,

Pole na mgongo. Wasikubebeshe mawili mawili.

Nimeliandika. Nisamehe. Monicah anasema bila hilo jaji ataona mtu aliyekiri wizi, hataona mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi kwa mtoto. Nimejaribu kuukumbuka usiku ule, sikumbuki chochote. Labda nilidhani umechelewa tu, ukaja, tukala.

Hati ya kiapo hii hapa. Lazima uisaini mbele ya polisi. Safari hii soma kwanza, yote, hata maandishi madogo!

Shuleni wananiuliza kwa nini nakaa peke yangu wakati wa mapumziko. Nawaambia nasoma.

Mdogo wako,
Falonne

Troyeville, 7 Septemba 2025

Yaya,

Leo sikuulizi hata afya! Jaji ameifuta hukumu! Monicah alinipigia, Tantine akapiga vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari lake. Nimeona chumba Bertrams, kina dirisha upande wa jua. Nimemwomba mwenye nyumba asimpe mtu. Njoo haraka.

Mdogo wako,
Falonne

Musina, 28 Septemba 2025

Falonne mdogo wangu,

Natumaini hujambo. Nimekaa na habari hii, kalamu inakataa.

Nilituma maombi kwa kampuni za Joburg, hata ile ya zamani, hakuna iliyojibu. Moja ya Cape Town imenikubali, ulinzi wa maghala, mkataba wa miaka mitatu. Tutalala bwenini, wanaume watupu, kwa hiyo siwezi kukuchukua. Kazi hii nimeipata kwa sababu yako. Ukisema nisiende, siendi. Niambie ukweli.

Yaya wako,
Pacifique

Troyeville, 5 Oktoba 2025

Yaya Pacifique,

Natumaini barua hii itakukuta hujaondoka, na mgongo umepata nafuu. Sisi hatujambo.

Nilikuandikia ombi la kurasa mbili kwamba usiende. Lilikuwa zuri, hata Monicah asingepata pa kusahihisha. Nilipolisoma tena nikaona wazi kwamba ungeiacha kazi siku hiyo hiyo. Nikalichana.

Nenda, Yaya. Mwenye nyumba wa Bertrams nimeshamwambia ampe mtu mwingine. Nasikia Cape Town ina upepo mkali, nunua koti kabla hujafika.

Usiniahidi Krismasi. Ukipewa likizo, njoo tu.

Mdogo wako,
Falonne