Elodie na Herufi za Kula

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa 3, 2025

Malaika wangu mulinzi, salamu sana. Uko muzima? Mabawa haijaloana? Huku mvua inatupiga kila siku, sijui huko juu munajifunika na nini. Mimi Hélène ni muzima kidogo. Mugongo inauma, magoti inalia, lakini meno iko — na mwenye meno asilalamike saa ya kula.

Ninakuandikia wewe sababu Mungu iko na kazi mingi, na watakatifu wako na foleni. Wewe ulipewa mimi peke yangu! Wakati wa vita, Kindu ilipofungwa pande zote na masomo yangu ikakatika pale katikati ya sekondari, nilikuita mupaka sauti ikakauka. Labda ulikuwa umelala. Si kitu. Sasa redio inasema vita iko Bukavu. Tafadhali, mara hii lala jicho moja.

Habari ya leo. Darasa yangu ndogo, ile ya nyuma ya choo — Mukubwa wa masomo, Bwana Jérémie, anaiita "chumba cha wagonjwa" — imeanza mafundisho mapya. Ku formasio, ile semina ya walimu, walituambia: hawa watoto hawana ujinga, hawana uvivu, na hakuna aliyewaloga. Shida ni kusoma tu. Jicho inaleta herufi, kichwa inaifukuza mulangoni. Basi mupitishe herufi ku milango yote pamoja! Macho ione, masikio isikie, mudomo iseme, kidole iandike mu unga. Mimi nikaongeza mulango moja. Tumbo.

Nilikaanga mandazi ya herufi. M, A, S. Mutoto anapitisha kidole juu yake, anasema sauti yake, anaiandika mu sahani ya unga, kisha — anaila! Elodie alikula S mbili. "Sss, sss," mafuta mupaka kidevuni, kama nyoka siku ya arusi yake.

Elodie unamujua: mutoto wa mudogo wangu marehemu, niko naye tangu mama yake azikwe. Miaka kumi na ine, na bado mwaka wa tatu ya primeri, na watoto wanaomufika ku kiuno. Nyimbo za kanisa anajua zote. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, anapika kunishinda — nakuambia wewe tu, usitoboe. Lakini umufungulie kitabu, pua yake inatoka jasho kama mutu anayebeba jiwe.

Jumanne, tarehe 4

Abdoul hakula herufi yake. Ramazani! Nilisahau kabisa. Alifunga M mu karatasi, akatia mu mufuko: "Mwalimu, nitaila magaribi, pamoja na uji." Na kesho ni majivu, sisi Wakatoliki nasi tunafunga. Darasa nzima inanusa mandazi na hakuna wa kula! Nani alipanga hii kalenda huko juu? Muulize kwa adabu.

Jumatano ya majivu

Kanisani. Nimepakwa musalaba ku paji, ninarudi ku benchi na uso ya toba. Elodie ananiangalia, anaangalia tena, na pale pale mu kimya ya watu wote: "Mama mukubwa! Padri amekuandika t!"

Nilicheka mupaka mama wa nyuma akanifinya. Malaika, naomba musamaha ya kicheko. Lakini hii njo mara ya kwanza Elodie anaona herufi inje ya darasa bila mutu kumuonyesha. Nikaacha ile majivu ku paji mupaka jioni. Kila akipita: "ttt."

Alhamisi, tarehe 6

Aziza, mama ya Abdoul, alifika na bidoni tupu ya maji.

Kumbe jana Abdoul alimaliza kufuturu, akachovya kidole mu chai, akaandika ku meza: mama. Yeye! Mutoto ambaye aliandikaka jina yake kama njia ya kuku. Aziza akalia, halafu akafikiri — na mama akifikiri peke yake, majirani wakimbie. Kwao, mutu akigonjwa, shehe anaandika aya mu sahani, wanaosha na maji, mugonjwa anakunywa. Kombe. Basi kuona herufi inaliwa, akajua kila kitu.

"Mwalimu, mbona hukusema ni kombe? Sisi tunaijua tangu babu! Nipe maji ya ubao."

"Mama Abdoul, hii ni choki. Haina dua ndani."

"Dua nitatia mwenyewe ku nyumba. Wewe nipe maji."

Akainama ku ndoo ya kuoshea kitambaa ya ubao, akajaza bidoni. Mu ile ndoo mwanafunzi wangu Cédric alikuwa ameosha miguu asubuhi. Nilitaka kusema. Aziza alikuwa ameshapita ku mulango, na furaha yake yote ku kichwa.

Ijumaa, tarehe 7

Wamama wengine na mabidoni. Mumoja wa kwaya yetu! "Ni ya mujukuu," anasema, anaangalia chini. Nikawafundisha: hapana maji, ni kurudia sauti na kidole kila siku ku nyumba. Wakasikiliza vizuri sana. Halafu wakauliza maji.

Mukubwa Jérémie alisimama ku dirisha. "Mama Hélène, hii ni masomo ao kisima?"

Upande ingine ya soko, nasikia, habari iko tofauti: eti Hélène analisha watoto dawa. Mandazi ya uchawi. Na sukari yote ile nilitia!

Jumamosi, tarehe 8

Siku ya wanamuke. Tuliandamana, kila mumoja amevaa kikwembe kipya, jua ya kuua, tarumbeta moja inalia mbele kama mbuzi. Nilikuwa ninacheza vizuri kabisa. Nikageuka — Onema. Baba ya Elodie. Ametoka Kampene, kule anachimbaka dhahabu, ku pikipiki, matope mupaka ku nyusi.

"Shemeji, nasikia unamulisha mutoto yangu uchawi."

"Shemeji, ni unga na sukari. Uchawi ni bei, sina uwezo."

Hakucheka. Na Onema anachekaka! Ku nyumba akakataa hata kiti. Uchawi ao si uchawi, anasema, amechoka. Miaka yote hii Elodie anakalia benchi, bado hajui kusoma kitu. Kampene ameweka kibanda, wachimbaji wanakula pale, anataka mikono ya kupika. "Bugali haiulizi mutu herufi, shemeji."

Ninakijua kile kibanda. Wanaume wanatoka mu mashimo na dhahabu kidogo na pombe mingi. Mutoto mwanamuke wa miaka kumi na ine, mule ndani, hatapika bugali tu. Nikamwambia hivyo hivyo, uso kwa uso. Akaangalia viatu vyake. Halafu akasema: "Ijumaa ninarudi. Asome mbele yangu. Kitabu nitachagua mimi. Hapana wimbo, hapana mandazi. Akisoma, anabaki, sitasema neno. Asiposoma, tunapanda pikipiki pamoja."

Elodie alikuwa nyuma ya mulango na sufuria. Sombe ya leo ilikuwa na chumvi ya watu kumi.

Jumatatu, tarehe 10

Mukubwa Jérémie alisikia habari ya Onema, akaja na shauri. Akafunga mulango kwanza — shauri ya mulango kufungwa unaijua rangi yake.

"Mama Hélène, Elodie anaijua Salamu Maria kwa moyo? Basi! Afungue kitabu cha sala pale pale, ainamishe macho, atembeze kidole. Baba analia, sisi tunalia, mutoto anabaki."

"Ameshasema kitabu atachagua yeye."

"Nani atakataa sala ya Bikira mu Kwaresima?"

Malaika, ziba masikio. Nilijaribu! Jioni nikafungua kitabu cha sala, nikamuonyesha Elodie wapi kidole ianze na wapi igeuke. Akaniangalia kama anayeona kuku amevaa viatu.

"Mama mukubwa, na Papa yangu akisema: hii neno hapa katikati, ni nini?"

"Utasema… utasema umechoka."

"Mimi sitaki kuchoka. Nataka kusoma."

Nikafunga kitabu. Tukasali ile Salamu Maria kweli kweli, macho ikiwa imefungwa. Mimi niliiharakisha kwa haya.

Jumatano, tarehe 12

Shida ni b na d. Elodie anaona tumbo ya b inahama. Leo mbele, kesho nyuma. Mu unga tumeandika mupaka unga ikageuka udongo. Nikajaribu mugongo. Nikasimama nyuma yake, nikaandika na kidole katikati ya mabega, polepole, na sauti yake: b. Tena. d. Akafumba macho. Halafu akasema: "Hiyo ni ya dada." Nikaandika ingine. "Hiyo ya baba." Hakukosa hata moja!

Tulisoma mustari moja. Moja tu, na jua ilitoka ku mulango ikafika ku ukuta. Lakini alisoma! Si kwa moyo. Si kwa wimbo. Neno moja kisha lingine, kama mutu anayevuka Lualaba na mutumbwi unaovuja, anapiga kasia, anatoa maji, anapiga kasia.

Bila kidole ku mugongo, bado anakwama. Na kesho kutwa ni Ijumaa.

Alhamisi, tarehe 13

Nimefunga kwa ajili yake. Saa ya kumi nilikula andazi moja, lilikuwa L, lilivunjika. Usiandike.

Ijumaa, tarehe 14

Malaika, ninaandika hapa ndani ya darasa, ku meza ya nyuma. Wanafikiri ninasahihisha kazi. Ninaandika upesi, utasoma namna utaweza.

Onema iko mbele yangu, amekaa ku benchi ya watoto, magoti inafika ku masikio. Pikipiki iko inje, amefunga tayari kamba ya kubebea mizigo. Nimeiona. Amekuja na kakitabu ka afya, kale ka chandarua na malaria, amekanunua sokoni. Akafungua bila kuangalia: "Hapa."

Elodie amesimama. Pua imetoka jasho. Kidole yake imesimama ku neno ya kwanza.

Nikaenda nyuma yake, nikainua kidole. Onema: "Shemeji, ukae. Kama ni kidole yako inasoma, nitaipeleka yenyewe Kampene." Nikakaa. Mukubwa Jérémie anakohoa, anakohoa, hakuna kitu mu koo yake.

Elodie akageuka. Nikafikiri anakimbia. Hapana — amempa baba yake mugongo.

"Papa, basi andika wewe. Unaandika ile unaona ku kitabu, mimi ninasema. Wewe huwezi kunisaidia kudanganya."

Onema akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Akaweka kidole yake, kidole ya muchimbaji, nene kama kasia. Akaandika.

"m," Elodie akasema.

Akaandika.

"a. Ma."

"Eh!" Onema akafanya, uso ikafunguka kabisa. "Ni kweli! Eh, shemeji!" Halafu akarudia kitabu. Akakisogeza karibu. Akakiweka mbali. Kidole ikaanza ku bega, ikasimama, ikafuta kama mutu anayefuta ubao, ikaanza tena.

Na pua yake, Malaika. Pua yake imetoka jasho. Pale pale ambapo ya Elodie inatokaka.

Ameandika.

"Papa, hiyo umeigeuza," Elodie anasema, sauti ndogo, bila kugeuka. "Si kitu. Hata mimi ninaigeuzaka."

Jérémie ameacha kukohoa. Kidole bado iko ku mugongo ya mutoto, hajaitoa. Macho ya Onema iko juu yangu. Hapana macho ya shemeji. Ni macho ninayoonaka hapa ku watoto wangu wote, siku yao ya kwanza.

Nafasi ya mwanafunzi mupya iko, pembeni ya Abdoul. Sahani ya unga iko. Lakini mutu mukubwa kama huyu, mbele ya mutoto yake, nianze na neno gani asisimame akawasha pikipiki?

Malaika, tafadhali nijibu upesi. Sasa hivi. Ananingoja.