Binti Aliyekuja Kusalimia kwa Kibali cha Serikali

Chonyonyo,
Karagwe – Kagera.
9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Novatus,

Marahaba. Nakuitikia kabisa kabla hujaniamkia, maana najua ukifungua barua hii utakimbilia habari na kuniruka mimi dada yako. U mzima lakini? Ule mgongo uliokusumbua wakati wa baridi umepona? Na wanaokupangia zamu hapo hospitalini wamekuonea huruma kidogo? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama ni mzima, ila magoti yake hulalamika mvua ikikaribia. Kahawa imeanza kuiva, na uani hapapitiki kwa mikeka ya kuanikia.

Sasa kaa chini. Kile chombo cha maziwa cha ukoo wetu, ile ekyanzi ya mti uliyoiona kwenye kabati la kioo la makumbusho ya huko Ujerumani ukatutumia picha, ilikuja Karagwe! Serikali ilitoa kibali cha kuiazima, ikakaa kwenye maonyesho Kayanga msimu mzima. Kwenye simu nilikueleza vipande vipande, mtandao ukikatika kila nilipofika patamu. Leo nakueleza kwa kituo, na mtu wa makumbusho aliyeisindikiza ndiye atakayekukabidhi barua hii. Usishangae akikusalimia kwa "waitu", kwa heshima ya Kinyambo. Tumemfundisha sisi.

Kibali chenyewe kilitutoa jasho. Wizara haikuwa na neno, na wenye makumbusho nao walikubali, ila wote walitaka jambo moja: ukoo utamke kwa sahihi kwamba chombo kinaazimwa, kitarudi siku ikifika, na hakuna atakayekizuia. Bwana Hanifu, afisa utamaduni wetu, akaja nyumbani na karatasi. Msemaji wa ukoo unamjua ni nani. Baba mdogo Adelard aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akasema, "Bwana Hanifu, mtu anaazimaje kilicho chake?" Akaikunja, akamrudishia.

Sikumlaumu, maana hakusema uongo. Babu zetu hawakuulizwa siku ile chombo kilipochukuliwa. Lakini bila sahihi yake hakuna kibali, na bila kibali Mama haoni kitu. Nawe unajua Mama alivyoingia katika nyumba hii. Bibi harusi wa kwetu hupewa na mama mkwe chombo cha maziwa cha nyumba akishike, ndipo ahesabiwe kuwa mwenye nyumba. Marehemu Bibi alimkunjulia viganja vitupu, akamwambia, "Kipo, mwanangu, kiko safarini tu." Mama ameishi na neno hilo tangu usichana wake.

Siku hiyo alikuwa jikoni akimenya ndizi. Kumbe masikio yake yalikuwa sebuleni! Akatoka na kisu mkononi, utomvu umemganda vidoleni.

"Adelard," akasema, "mimi kwetu Murongo. Nilipokuwa nikienda kuwasalimia wazazi wangu, mliwahi kunikataza mkiogopa sitarudi?"

"Hapana, shemeji."

"Na wazazi wangu waliwahi kunifungia ndani?"

"Hapana. Lakini wewe ulitolewa mahari. Huyu binti wa maziwa alichukuliwa tu."

"Basi mwache aje. Anayemleta tutamdai mahari akiwa ameketi hapa hapa. Utamdai vipi mtu uliyemzibia njia?"

Hanifu, na asili yake ile ya Tanga ya kupenda maneno matamu, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Baba mdogo hakucheka hata kidogo. Aliichukua tena ile karatasi, kisha akaomba kalamu.

Siku ya kuwasili tulifanya arusi hasa. Kasha lililoshushwa garini lingetosha mbuzi wawili, na ndani yake kitu cha kukumbatia tu! Vigelegele vilisikika mpaka kwa Prudensia, na unajua kwa Prudensia ni wapi. Yule mama wa makumbusho aliyekisindikiza chombo tulimkalisha kwenye mkeka mpya tukampa buni za kutafuna. Akatafuna kwa adabu, uso umekunjamana. Hapo Baba mdogo akasimama, akakohoa, akadai mahari: ng'ombe wa pembe ndefu, na ndama juu yake kwa sababu ya kuchelewa.

Mgeni alianza kwa kucheka. Alipotafsiriwa yote, akaziweka buni chini. Akasema yeye hana mamlaka ya kujibu, ila maneno hayo atayafikisha kwa wakubwa wake kama alivyoyasikia, na jibu watakalotoa atalileta, liwe tamu au chungu.

"Ndivyo anavyosema mshenga," Baba mdogo akasema. "Mpeni chakula."

Tangu hapo jina lake ni Mshenga, hata watoto wanamwita hivyo.

Sheria ilikuwa kwamba hakuna kukigusa chombo isipokuwa yeye, tena kwa glavu. Lakini siku ya kukiweka kwenye kabati alimwita Mama, akamvalisha glavu, akampa mikononi. Novatus, nimefurahi mara nyingi maishani, ila si namna ile. Mama alikikumbatia kifuani. Hakulia, mimi ndiye niliyelia mpaka kanga ikaloa. Aliinamisha pua, akanusa ndani, akasema bado kina harufu ya moshi wa yale majani tunayofukizia vyombo vya maziwa. Mimi nilinusa nisisikie kitu, ila nani atabishana na mwenye nyumba siku yake ya kwanza?

Watu walikuja mpaka wa Rubwera na Murongo. Jirani yetu Mukakalisa alikwenda mara nyingi hata mlinzi akadhani ameajiriwa pale.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kukifunga. Nakiri nilimwogopa Baba mdogo. Alikuja na koti lake la vikao, hakumsalimia mtu, nikajua yametufika. Kumbe kilichotaka kutuharibia kilitoka kwa Mama! Hanifu alipokagua kasha kabla ya kulipigilia, alikuta kifurushi cha majani ya mgomba kimejificha kwenye sponji. Ndani, senene wakavu. Mshenga alipiga kelele kama aliyekanyaga moto. Kumbe watu wa makumbusho wanaogopa wadudu kuliko wezi! Mama akasimama imara: "Binti haondoki kwao mikono mitupu." Hanifu akamsomea kibali kwamba chombo kirudi kama kilivyokuja, bila nyongeza. Ubishi ukawa mkubwa mpaka Mshenga mwenyewe akachukua senene akawatia mkobani mwake, akasema huko kibali hakifiki.

Hao ni wako. Kula taratibu, msimu umepita.

Baada ya kicheko, Baba mdogo alishika upande mmoja wa kasha. Vijana wakataka kumpokea, akakataa, akalibeba mpaka garini. Akalipapasa mara moja, akarudi nyuma akawaachia njia. Nilimpenda sana wakati ule.

Shangazi Avelina anakusalimu na kuuliza utaoa lini, na Baba mdogo anauliza hivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Prudensia na watoto wake wanakusalimu pia.

Sasa agizo la Mama, na ndilo hasa lililonishikisha kalamu. Tulitoa neno letu na tumelitimiza. Lakini binti aliyeolewa mbali hutembelewa, na huko aliko hana ndugu mwingine ila wewe. Kwa hiyo siku yako ya mapumziko uvae shati safi, ukate tiketi kama watu wengine, usimame mbele ya kioo umwamkie kwa Kinyambo, umwambie kwao hawajambo na mahari bado tunadai. Usione haya wakikutazama. Tena uende upesi, Mama anasema, asije akadhani tumemtupa.

Mungu awalinde nyote wawili huko mliko.

Ni mimi dada yako nikupendaye bila kuchoka,

Adelgunda