Vipicha Visivyo na Majina

Fundi wa tovuti,

Nimetoka na kaka yako, tunaenda hospitali. Chai iko kwenye chupa. Mvua ikianza, anua nguo.

Asubuhi kaka yako alifungua ile tovuti ya hospitali uliyoitengeneza wewe, athibitishe miadi yake ya daktari wa mgongo. Kompyuta inayomsomea ikawa inasema tu: kitufe, kitufe, kitufe. Vile vipicha vyako vya kubofya, vya kupendeza, hukukipa jina hata kimoja. Sasa asiyeona atajuaje kipi ni kipi? Akabahatisha, akafuta miadi aliyoingoja miezi mitatu. Ndiyo tunakwenda kubembeleza turudishiwe.

Nilikuja mlangoni kwako kukuamsha. Akanishika mkono: "Mwache alale, Mama, amechoka na kazi." Mimi damu inanichemka, yeye anakutetea.

Kompyuta yake nimekuachia hapa mezani. Skrini nimeifunika kwa taulo, na ole wako uliondoe. Jaribu kumwekea miadi kwa masikio tu, kama yeye. ~~Usile mpaka umalize.~~ Kula kwanza, maana tutarudi jioni na tutakukuta hapo hapo.

Mama yenu, nyote wawili