Injini ya Tatu

9 Februari

Kaka yangu Injini ya Tatu,

Salamu zitangulie, malalamiko yafuate. Mkono unaendeleaje? Mama hajambo? Na mdogo wako wa kike, bado anakutania? Mimi ni mzima. Jeraha la usoni limefunga, nyuzi zimetolewa, na kovu lililobaki Injini ya Nne anasema limenipa sura ya jambazi mstaafu.

Chumba chetu cha bweni kimekuwa kikubwa ghafla. Wiki ya tatu sasa tangu uende nyumbani, na bado naanika nguo upande wangu tu wa kamba, nikiogopa utakuja kunigombeza.

Idarani wamebandika tangazo penye ngazi: NI MARUFUKU KUMBEBA MTU KWENYE NGAZI HIZI. Lina muhuri na sahihi ya mkuu wa idara. Mwaka na nusu mlinipandisha zile ngazi ishirini na mbili, wanne, kila mmoja kona yake ya kiti changu cha magurudumu, mnanguruma kwa midomo, "Rubani, tunaomba ruhusa ya kuruka," na hakuna aliyebandika karatasi. Sasa handaki la upepo la kupimia mabawa ya ndege liko juu na mimi niko chini. Wenzangu wanalipima bawa nililolichonga mimi, kisha Injini ya Pili anasimama juu ya ngazi ananipigia kelele namba kama anauza samaki mnadani. Nusu nazisikia, nusu nazibuni.

Kaka, lile jambo. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania siku ile. Sakafu ya ngazini ilikuwa imetoka kupigwa deki, mkasema tusubiri ikauke, nikasema moshi wa handakini hautanisubiri. Nilitaka kuuona ukipita juu ya bawa langu kwa macho yangu. Mkateleza, kiti kikaangukia mkono wako. Nisamehe. Msajili anasema nafasi yako itashikiliwa hadi tarehe mosi Septemba, usipofika jina linafutwa. Rudi, tafadhali.

Mdogo wako,
Rubani


27 Februari

Mdogo wangu Rubani,

Barua yako imenikuta salama, isipokuwa mkono, ambao una maoni yake. Mfupa umeunga. Mwandiko ndio huo unaouona, na mdogo wangu anasema sasa unafanana na wa daktari, kwa hiyo hatimaye nyumba hii imetoa msomi. Mama anakusalimu. Anauliza kama unakula au unasoma tu.

Usiniombe msamaha tena. Nimesema. Isahau ile sakafu.

Wewe mfuate mkuu wa idara. Usitume mtu wala usiandike barua, nenda mwenyewe ukae mlangoni kwake mpaka achoke kukuzunguka. Mwambie hukuomba tangazo, unaomba lifti. Usilie, maana ukilia atamwita katibu akuletee maji na shughuli itaishia kwenye glasi. Na bawa lako usiruhusu walipime bila kukuonyesha. Injini ya Pili namba anazikosea tangu mwaka wa kwanza.

Mimi napumzika. Mambo ya Septemba tutayaongea Septemba ikikaribia.

Kaka yako,
Injini ya Tatu


14 Aprili

Kaka yangu,

Hujambo? Mama je? Mimi sijambo, na nina kichekesho.

Nilikaa mlangoni kwa mkuu wa idara siku nne, kama ulivyoniagiza. Siku ya tano wakaunda Kamati ya Ujumuishi. Wajumbe saba. Nikapata barua ya mwaliko, karatasi nzito yenye nembo, nihudhurie kikao cha kwanza. Mahali: chumba cha mikutano, ghorofa ya pili. Nikafika, nikakaa chini ya ngazi nikiwasikia wanavyonijadili. Baada ya saa nzima katibu akashuka na biskuti za kikao kwenye kisahani. Akaniambia wamekubaliana kwa kauli moja kwamba nisikilizwe.

Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma. Ungekuwepo ungecheka zaidi, ndiyo maana baadaye sikuona tena cha kucheka.

Ila lifti imepitishwa. Itawekwa Agosti. Na yule fundi wa handaki, Mzee wa Upepo, siku hizi ananirekodia moshi kwa simu yake na kushuka kunionyesha. Mkono wake unatetemeka, picha inacheza, lakini anajitahidi.

Injini ya Kwanza amehama meza yetu. Hakuniaga. Juzi karakanani kuna mtu alisema nikimsikia, "Huyu ndiye aliyemmaliza mwenzake." Moyoni nilikuwa nakubaliana naye. Kaka, ulisema niisahau ile sakafu, lakini hukusema umenisamehe. Niandikie hata mistari miwili.

Mdogo wako,
Rubani


20 Juni

Kaka,

Hujambo? Wa nyumbani hawajambo? Nauliza kwa desturi tu, kwa kuwa hakuna anayejibu. Hii ni barua ya tatu tangu Aprili. Nikipiga simu anapokea mdogo wako na kusema umelala. Saa nne asubuhi umelala, saa nane mchana umelala.

Kama umenichukia, sema. Chuki naiweza, nakutana nayo kwenye korido kila siku. Kimya chako ndicho kinachonila.

Rubani


6 Julai

Mdogo wangu Rubani,

Mwandiko huu ni wa mdogo wangu wa kike. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asitie chumvi. Ameapa, ila unamjua. Mama ni mzima. Wewe natumai u mzima, ingawa najua mimi ndiye niliyekuondolea raha.

Sasa sikiliza. Sakafu haikuwa na kosa. Wewe huna kosa. Mimi ndiye niliyeachia.

Tangu mwaka jana vidole vyangu vya kulia vilikuwa havishiki sawasawa. Unakumbuka nilivyoomba kuhamia kona ya nyuma, upande wa ukuta, nikadai napenda mwangwi wake? Nilitaka ukuta unisaidie kukubeba. Unakumbuka siku ya kuwasilisha mradi ulinifunga vifungo vya shati, ukanicheka eti natetemeka kwa woga? Sikuwa na woga. Vidole havikuwa vinanisikia. Siku ile, kwenye ngazi ya kumi na tano, mkono ulifunguka wenyewe. Niliuona ukifunguka.

Daktari aliyeuunga ndiye aliyegundua. Misuli inaisha polepole, mkono huu, kisha huu wa pili, kisha miguu. Hakuna dawa ya kuurudisha nyuma ugonjwa huu. Wa kushoto umeanza. Kijiko nashikiwa. Mama ananiambia mficha maradhi kifo humuumbua, halafu anatoka nje ili nisimwone.

Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu niliona wanavyokufanyia. Umekaa mbele yao, nao wananiuliza mimi, "Huyu naye atakunywa chai?" Nilijua nikitamka tu, nami nitaanza kuulizwa kupitia kwa mwingine. Na lipo jingine, ambalo mdogo wangu hataki kuliandika, nimemlazimisha. Kila tulipokupandisha, nilishukuru moyoni kwamba si mimi. Nilikupenda na nilishukuru, vyote pamoja, ngazi zote ishirini na mbili. Unisamehe wewe, ndugu yangu.

Kaka yako,
Injini ya Tatu


15 Julai

Kaka yangu,

Salamu kwa Mama, na kwa mwandishi wetu pia. Barua yako nimeisoma mara nne, mara mbili kwa hasira. Miezi mitano umeniacha nijione mimi ndiye niliyekuharibia maisha! Mwandishi unaye nyumbani, ungenitumia sentensi moja. Nimekasirika, na nitabaki na hasira hii mpaka ufike hapa nikutukane uso kwa uso.

Kuhusu kushukuru, nilijua. Kila anayenibeba hushukuru. Hata mama yangu mzazi, namsikia anavyohema. Sikuwahi kukulaumu kwa hilo.

Sasa tega sikio. Kubebwa ni kazi na kuna ufundi wake, nami niko kazini tangu nina miaka sita. Usining'inie shingoni mwa mtu, utamvunja. Mwambie pa kushika kabla hajaanza kujishauri. Mzaha wa kwanza utoke kwako, kabla huruma haijafika. Ukitaka msaada mwite mtu mmoja kwa jina, maana ukiomba kwa umati kila mmoja atamtazama mwenzake. Na akitokea wa kumuuliza jirani yako kama utakunywa chai, jibu wewe, kwa sauti, uitishe vikombe viwili. Siku mbaya zipo, sikudanganyi. Siku hizo mimi hufunga mlango, nikalia, nikalala.

Nilimuuliza mkuu wa idara, bila kutaja mtu, kama mwanafunzi anaweza kufanya mtihani kwa kuandikiwa. Akakubali kabla sijakaa, na wewe unajua mimi nimekaa siku zote. Mafundi wa lifti wameanza kupima ukuta. Kitanda chako kipo, nimekitandika. Njoo tarehe mosi. Nitakuwa kituo cha basi tangu asubuhi.

Mdogo wako,
Rubani


19 Agosti

Mdogo wangu Rubani,

Natumai barua hii itakukuta na nguvu, kwa sababu itakuudhi. Sitakuja.

Ningeweza kusingizia safari, au Mama. Si hivyo. Wewe ulianza na miaka sita, aibu ilikuwa haijakufahamu. Mimi naanza na ishirini na tatu, mbele ya watu waliokuwa wakiniita injini. Nimejaribu kujiona nikisukumwa kwenye ile korido, nimeshindwa. Mama anasema ni kiburi. Huenda ni kiburi. Basi ndicho kilichobaki, niachieni.

Usiwaambie. Waache waamini mkono ulivunjika nikapata kazi nyumbani. Nipe hilo moja. Na usije huku kunichukua. Ukija nitakufuata kwa kukuonea huruma, na huruma hiyo itaisha tukifika getini.

Asante kwa mafunzo. Mdogo wangu amenisomea mara nyingi.

Kaka yako,
Injini ya Tatu

Kaka Rubani, ni mimi mwandishi, hapa naongeza bila kumsomea. Begi lake lilikuwa limefungwa tangu Jumapili. Alinielekeza kila nguo ikae wapi. Leo asubuhi ameniambia nilifungue.


4 Septemba

Kaka yangu,

Salamu kwako, kwa Mama, na kwa atakayekusomea. Hamjambo? Mimi mwili ni mzima.

Tarehe mosi nilikwenda kituoni, ingawa ulishaniambia. Mabasi matatu yalishusha watu. Wa mwisho kushuka kwenye la tatu alikuwa mama mmoja na magodoro yake. Nikarudi.

Lifti imefunguliwa wiki iliyopita. Mkuu wa idara alikata utepe, wanakamati wote saba wakapigwa picha mimi nikiwa katikati, kisha wakapanda kwa ngazi kunisubiri juu na makofi. Ni sekunde arobaini. Kesho yake nilipanda peke yangu. Mzee wa Upepo aliwasha moshi, nikauona ukilipanda bawa langu mbele na kuteremka nyuma bila kukatika. Nililia, naye akajifanya anafuta kioo. Injini ya Pili na ya Nne siku hizi tunapungiana mikono tu. Wana vipindi vyao, hawana sababu ya kupita kwangu. Nilipigania nisibebwe, nimepata, sistahili kulalamika. Lakini nalalamika, kaka. Sijawahi kuwa mpweke kiasi hiki.

Leo darasani mwalimu aliita majina. Likafika lako. Akaliita tena. Akauliza, "Nani anajua alipo?" Darasa zima likanigeukia mimi. Barua yako ilikuwa mfukoni. Kanuni inampa mgonjwa mwaka mmoja zaidi, nimeisoma, ilihitaji niseme neno moja tu. Mdomo ulishafunguka. Kisha nikakumbuka ulivyoniomba, nikasema sijui.

Akachukua rula, akapiga mstari, akaita jina linalofuata, ambalo ni langu. Nikasema nipo.

Mdogo wako,
Rubani