Dawa Yako Niliyoitia Asali

Msamala,
Songea.
Jumamosi, 13 Julai 2024

Mpendwa Shangazi Halima,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na lile goti lako liwe limepoa. Bibi anakula vizuri? Mikorosho imeanza kutoa maua? Mimi mwili hauna neno, ila baridi ya huku mwezi huu ni kali, asubuhi vidole havikunjiki mpaka jua lipande.

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Nikikupigia huwa unaweka spika ili nyumba nzima inisikie, na haya ya leo sitaki wayasikie kabla yako. Isome ukiwa peke yako.

Dawa uliyonitumia niliipata, nashukuru sana. Tangu ule mtaro uliponifukia kazini, nilikuwa nikifumba macho tu naona udongo unashuka. Siku ya kwanza kunywa mizizi yako nililala mpaka adhana ya alfajiri ikanipita.

Lakini sikukutii, Shangazi. Uliniagiza niinywe nyumbani tu, baada ya kula, nikiwa nimeshamaliza shughuli za siku. Uliniagiza pia nisitie kitu chochote cha utamu, kwa sababu uchungu ndio kipimo chake, kiasi kikitosha mdomo wenyewe unakataa. Mimi nikatia asali. Kisha nikaanza kuibeba kazini kwenye chupa, nionje kidogo kila moyo unapokwenda mbio. Wenzangu walipouliza, nikasema ni chai ya mchaichai. Niliona aibu, mwanamume mzima kujulikana anakunywa dawa ya woga.

Pale kazini nina mtani wangu Mngoni, anaitwa Bartolomeo. Tunasukuma naye zege kwa toroli kwenye jengo moja la Bombambili. Unaujua utani wetu na hawa watu. Chakula changu anakionja kabla yangu, kofia yangu anavaa, na mimi yake vilevile, hakuna kukasirika. Jumanne alininyang'anya ile chupa mbele ya watu wote. "We Myao, chako ni changu tangu babu zetu walipowakimbiza," akasema, akapiga funda. Watu wakacheka. Akausifu utamu wake, akaimaliza yote.

Nafasi ya kusema nilikuwa nayo. Hata mdomo niliufungua. Nikaona wote wananitazama, nikacheka pamoja nao.

Baadaye ulimi wake ukaanza kuwa mzito. Nilimwambia akae kidogo, akanijibu kwamba wanaochoka ni Wayao. Akapanda na toroli juu ya mbao, akayumba, akaanguka. Mguu umevunjika. Msimamizi alipofika akamkuta anasinzia huku analia kwa maumivu, akasema huyu katoka kunywa komoni. Akamwachisha kazi palepale, na matibabu akasema ajigharamie mwenyewe, kwa kuwa ni mlevi.

Shangazi, Bartolomeo aliacha pombe tangu Pasaka. Aliapa mbele ya mkewe, Oliva. Sasa Oliva hasemi naye, anamwekea chakula na kuondoka.

Jana nilikwenda kwao Lizaboni kumjulia hali. Njia nzima nilikuwa najipanga namna ya kusema. Nilitegemea nitamkuta na hasira, ingekuwa rahisi. Alikuwa amelala na plasta yake, utani wote umemwisha. Akaniambia polepole, "Muhsini, labda kweli nilikunywa. Mimi sikumbuki, lakini kila mtu anasema."

Hajawahi kuniita kwa jina langu. Nikaweka machungwa niliyomletea, nikaaga, nikatoka. Nikarudi na yale yote niliyojipanga kuyasema.

Ndiyo maana nakuandikia. Nikishasema ukweli, watu watasema dawa ya Shangazi Halima ni mbaya, na habari hizo zitafika mpaka huko Tunduru. Nimetaka uzisikie kwangu kwanza. Dawa haina kosa, mwenye kosa ni mimi. Naomba tu umtajie Daimu, mleta barua hii, jina la hiyo mizizi anipigie, hospitali wakiuliza nisibabaike.

Daimu ni jirani yangu hapa, kesho asubuhi anakuja huko kwa basi, ndiye atakayekupa barua hii. Nimeona nikingoja moyo uwe tayari, hautakuwa tayari. Ikishaondoka mkononi mwangu, wewe utakuwa unajua, na sitakuwa na pa kujificha. Jumatatu nitamwambia msimamizi mbele ya wote. Nikitoka hapo nitakwenda kwa Oliva. Wakinifukuza kazi, utaniona nyumbani.

Nisalimie Bibi, dada Ashura na Kassimu. Wengine usiwaambie bado, ila dua uniombee.

Mwenyezi Mungu akuweke, Shangazi, na mikono yako iendelee kuponya watu wanaosikia wanachoambiwa.

Mimi mwanao nikupendaye, niliyekuaibisha,
Muhsini