Kitako cha Bunduki Kwenye Meza ya Jikoni

Mama Cheptoo wangu,

Chamgei. Mnaendeleaje hapo nyumbani? Kifua cha mama kimepata nafuu na hii baridi ya Julai? Na majani chai ya upande wa mto, yameanza kuchipua tangu uyapogoe? Mimi ni mzima, hata nimenenepa kwa nyama ya kondoo. Naandika barua kwa sababu kwenye simu watoto hukunyang'anya kabla hatujafika kwenye habari yenyewe.

Unajua huku Australia nimeajiriwa kuchunga kondoo kwa msimu mmoja tu. Sasa fundi wa karakana ameacha kazi, na atakayepewa nafasi yake atapata kandarasi ndefu pamoja na nyumba ya kuishi na familia. Nimeitamani nafasi hiyo mpaka usingizi unanipotea. Basi juzi bunduki ya mwenye shamba, ile ya kupigia mbweha wanaokula wanakondoo, ilianguka kutoka kwa pikapu na kitako chake cha plastiki ngumu kikapasuka shingoni. Kingine ni mpaka kiagizwe mbali, na mbweha hawangoji mtu. Nikafungua huu mdomo wangu unaoujua vizuri: "Nipe mimi. Kwetu tunaziba mpaka mitungi ya plastiki ya maji."

Mzee mwenye shamba akakubali. Akatoa risasi, akakifungua kitako, bunduki yenyewe akaifungia kabatini. Nikaenda na kitako kwangu.

Nikafanya vile kila mtu hufanya huko kwetu mtungi ukipasuka. Nilitia kisu motoni kikawa chekundu, nikakipitisha kwenye ufa ili plastiki iyeyuke ishikane. Wapi! Haikuyeyuka hata kidogo. Ilitoa moshi, jikoni kukanuka, na ufa ukawa mweusi kama ugali ulioungua. Nilikaa chini nikataka kulia, kwa sababu niliona nimeichoma ile nyumba yetu kabla hatujaingia. Nikampigia Nyakundi, yule jamaa wa Chepilat anayefanya kazi shamba la jirani.

"Umechoma?" Alicheka bila huruma. "Bro, hiyo si mtungi! Hiyo kitu iko na nyuzi za glasi ndani, haiwezi yeyuka. Wachana na moto. Kwaruza hiyo nyeusi yote, tafuta ile glue ya kuchanganya, na uweke pini ndani."

Nilipiga msasa mpaka mkono ukaniuma. Nikatoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, nikapitisha pini za chuma, nikajaza gundi. Kifaa cha kukaza sikuwa nacho, kwa hivyo nilikata tyubu kuukuu ya baiskeli nikafunga kitako kwa hizo blada, kama tunavyofunga mizigo ya boda pale Litein. Kikalala juu ya meza mpaka gundi ikakauka, mimi nikila nimesimama.

Mzee alikirudisha kwenye bunduki, akalenga ubao, akapiga. Akapiga tena. Akapitisha kidole pale penye ufa.

"Si kizuri kuangalia," akasema, "lakini kimeshika. Na hii alama nyeusi ni ya nini?"

Nikamweleza habari ya kisu. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia kesho nianzie karakana, na ile kandarasi ndefu ameshaniombea kwa watu wa viza. Mama Cheptoo, nimefurahi hadi nimeshindwa kula.

Nisalimie dada yangu Chelangat wa duka la Litein, na shemeji Ngeno anayekusaidia kukamua. Mwambie yule ng'ombe mweupe asimuuze, atamtunza yeye.

Nyumba ya fundi ina vyumba viwili. Nenda Kericho uulize mambo ya pasipoti, yako na ya watoto. Mama bado usimwambie mbele za watu. Mngoje amalize chai yake, ukae karibu naye, umwambie polepole kwamba nakuchukua wewe na watoto, na kwamba yeye nimemuulizia pia, lakini watu wa viza wamekataa.

Mumeo anayekupenda,
Baba Cheptoo